Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Kurasa 3 za Profesa Allison

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Kwa niaba ya Klabu ya Sayansi, karibu sana shuleni kwetu. Tunajua umewaacha wagonjwa wodini ili uje kukaa nasi, kwa hiyo hatutakuchosha kwa kuhesabu mikutano tuliyofanya mwaka huu. Tumeona tukueleze kazi moja iliyotushika muhula mzima: kusoma maandiko ya mtafiti wa saratani, Profesa James Allison wa Marekani, na kufuatilia yalifika wapi baada ya kuchapishwa. Wapo miongoni mwetu waliofiwa na wazazi kwa saratani. Allison naye alimpoteza mama yake kwa ugonjwa huo akiwa bado mtoto, huko Texas.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwanzoni tulihesabu tu. Tuliona makala zake ni nyingi mno, tukadhani ukubwa wa mtafiti uko hapo. Mwalimu wetu wa baiolojia akatuzuia, akasema tuchague chache na tuzisome mpaka zieleweke. Tukachagua 3.

Ya kwanza ni ya mwaka 1982, katika jarida la Journal of Immunology. Yeye na wenzake walieleza protini iliyo juu ya seli T, askari wa kinga ya mwili. Baadaye ilithibitika kuwa ndiyo kipokezi ambacho seli hizo hukitumia kumtambua adui.

Ya pili aliiandika mwaka 1995 na mwanafunzi wake, Matthew Krummel. Wakati huo protini iitwayo CTLA-4 ilikuwa inajulikana tayari, kwani Wafaransa waliitangaza mwaka 1987, lakini kazi yake ilibishaniwa. Krummel na Allison walionyesha kwamba protini nyingine, CD28, huiamsha seli T kama dereva anavyokanyaga mafuta, na CTLA-4 hushika breki. Maabara ya mtafiti mwingine, Jeffrey Bluestone, nayo iliiona breki hiyo. Wengine wakafikiria kuitumia kuwatuliza wagonjwa ambao kinga yao inawashambulia wenyewe. Allison akawaza kinyume: je, tukiiachia breki, kinga itaila saratani? Mimi ninayesoma risala hii naamini makala hiyo ndiyo mama wa yote yaliyofuata, ingawa wenzangu wengi wanaipenda zaidi ya tatu.

Nayo ya tatu wana haki ya kuipenda. Ilitoka tarehe 22 Machi 1996 katika jarida la Science, ina waandishi 3, Dana Leach, Krummel na Allison, na kurasa 3 tu. Panya wenye uvimbe walipewa kingamwili (antibodi) inayoizuia CTLA-4, na miili yao ikaukataa uvimbe. Walipopandikizwa seli za saratani mara ya pili, waliweza kuzikinza. Jaribio la kwanza lilifanyika mwishoni mwa 1994, na likarudiwa palepale, katikati ya likizo ya Krismasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kutoka kurasa hizo hadi kwa mgonjwa ilichukua miaka 15. Kampuni nyingi za dawa zilisita. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 676 wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyosambaa: nusu ya waliopewa ipilimumab, dawa inayoizuia CTLA-4, peke yake waliishi zaidi ya miezi 10, wakati kwa wasioipata ilikuwa miezi 6.4. Tofauti hiyo ilituonekania ndogo, mpaka tuliposoma kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 5 wa dawa hiyo alikuwa hai baada ya miaka 3, na wengi wa hao waliendelea kuishi. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Machi 2011. Mwaka 2018 Allison alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Tasuku Honjo wa Japani, ambaye kikundi chake kiligundua breki nyingine, PD-1, mwaka 1992.

Lakini dawa hiyo ilipotoka, dozi zake 4 ziligharimu takriban dola 120,000. Tulikaa kimya darasani tuliposoma hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa ni kwamba makala nyingi tulizozitafuta zimefungwa kwa malipo, na klabu haina fedha hizo. Tunaomba utusaidie kupata njia ya kusoma majarida ya tiba, hata kama ni kupitia maktaba ya chuo. Tunaomba pia kompyuta 2, kwani iliyopo tunaitumia kwa zamu na ofisi.

Ombi letu la mwisho halihitaji fedha. Ukisimama kuzungumza, utueleze mgonjwa wa hapa kwetu anayehitaji dawa za aina hii anafanyaje, na wewe daktari wake unamwambia nini.

Tunaomba kuwasilisha.