Silaha za waasi hazirudi ghalani

Mhariri,

Nimesoma maoni yanayotaka mataifa makubwa yawape silaha waasi wanaopigana na serikali dhalimu. Siungi mkono. Silaha ikishavuka mpaka, aliyeitoa hana tena kauli juu yake. Mwaka 1986 Marekani ilianza kuwapa mujahidina, waasi wa Afghanistan waliokuwa wakipigana na jeshi la Kisovieti, makombora ya Stinger, yale ya kurushwa begani. Baadaye ikalazimika kutoa mamilioni ya dola kuyanunua tena, na si yote yaliyopatikana. Na Libya je? Gaddafi alipoangushwa mwaka 2011, bunduki za maghala yake zilifika hadi Mali.

Anayetaka kweli kusaidia azibe njia za silaha kwa pande zote, kisha agharimie wakimbizi na mazungumzo. Akishindwa kujizuia, basi bunge lake lipige kura hadharani kabla ya shehena kuondoka.

Msomaji wenu