Kwa nini betri yako ya nikeli na chuma haijai kwa dakika mbili

Huyu ni mteja wa tatu kunionyesha habari ileile kwenye simu: betri ya nikeli na chuma inajaa kwa dakika mbili. Alikuja amefura. "Fundi, yangu inachajiwa na sola kutwa nzima. Umeniuzia ya kizamani."

Mzee wangu, habari ile ni ya kweli, ila isome mpaka mwisho. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiongozwa na Hongjie Dai, waliotesha nikeli na chuma juu ya kaboni nyembamba mno ili umeme upite haraka. Betri yao ilijaa kwa dakika 2 hivi. Lakini ilikuwa ya volti 1, ya kuwasha tochi, na ilipochajiwa mara 800 ilishapoteza kama asilimia 20 ya uwezo wake. Yako ni ya ukoo wa Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani aliyeisajili mwaka 1901: nzito, ya polepole, na haidhuriki ukiimaliza chaji mpaka chini. Ndiyo sababu nilikuuzia hiyo.

Kinachoniuma ni njia za mkato. Mteja mmoja aliona maji yameshuka, akamtuma kijana akanunue "maji ya betri". Kijana akauziwa asidi, akazijaza seli zote kumi. Ndani ya betri hizi mna maji ya potashi, ambayo ni alkali, kinyume cha asidi, na potashi na asidi hazikai pamoja. Aliokoa nauli ya fundi, akapoteza seli kumi. Mwingine alichovya haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri za gari, yenye mabaki ya asidi. Hata ingekuwa safi isingemsaidia, maana uzito wa potashi haubadiliki betri ikijaa wala ikiisha. Sisi tunapima volti.

Halafu bei. Mteja anataka kupunguza gharama: "Kontrola ninayo, funga hiyohiyo." Kontrola ni kile kifaa kinachoongoza umeme wa sola uingiao kwenye betri. Seli kumi zinahitaji volti 16 na zaidi ili zijae, kontrola ya betri za asidi hukata kwenye 14 na ushei. Betri itashinda na njaa kila siku, kisha nitaambiwa ni mbovu. Nilikubali mara moja tu, nikarudi kwa mteja yule mara nne kwa nauli yangu. Sasa nauza betri na kontrola yake pamoja au siuzi, na bei ni hiyo.

Maji nayo lazima yapungue. Umeme wa ziada huyapasua yakawa haidrojeni na oksijeni, gesi zinazoweza kulipuka, ndiyo maana nakataa kuifunga betri chumbani mnakolala. Uholanzi, kwenye chuo kikuu cha Delft, Fokko Mulder na wenzake wametengeneza betri ya aina hii inayoendelea kutoa haidrojeni ikishajaa, nayo ikavunwa kama nishati. Kwako gesi hiyo inakwenda na upepo, basi kazi yako ni kuongeza maji yaliyokenekwa. Tunayo dukani. Njoo na kidumu safi, kisichowahi kubeba asidi.