Mjomba, kabla hujakunja ramani

Shikamoo mjomba.

Nasikia bado unawaambia watu kwamba kama Hitler asingemgeuza Guderian, jemadari wake wa vifaru, kwenda kusini Agosti 1941, Moscow ingeanguka kabla ya matope ya vuli. Unasimulia vizuri, sikatai. Hakuna anayesimulia vita kama wewe. Ila unasogeza vifaru kana kwamba mafuta huota njiani.

Nianze na reli ulizozicheka. Za Kisovieti zilikuwa na upana wa milimita 1,524, za Wajerumani 1,435. Kuzibadili si kazi ngumu: unang'oa misumari ya upande mmoja, unasogeza chuma milimita 89 kwa ndani, unagongomea upya kwenye mataruma ya mbao. Kinachokwamisha ni maji. Vichwa vya treni vya Kisovieti vilibeba maji mengi, hivyo vituo vya kujazia vilijengwa mbalimbali. Kichwa cha Kijerumani kinakaukiwa kabla ya kufika kituo kinachofuata. Inabidi ujenge vipya katikati, na vya zamani vimeshalipuliwa. Wapangaji wa ugavi walikadiria malori yangefaa hadi kama kilomita 500 kutoka mpakani. Smolensk, ambako Wajerumani walikuwa wamefika, iko mbele zaidi ya hapo, na vumbi lilikuwa limeshazila injini. Za vifaru ndiyo usiseme: mapema Agosti Hitler aliridhia injini mpya 300 tu kwa medani nzima ya mashariki. Huku vita vya Yelnya, mji mdogo karibu na Smolensk walioushikilia Wajerumani, vikimeza makombora ya mizinga, na kila behewa la makombora ni behewa la mafuta lisilofika.

Halafu ubavu. Majeshi ya Kirponos, jenerali wa Kisovieti, yalikuwa kusini, Kiev na pande zake. Septemba Wajerumani walidai kuteka huko zaidi ya watu 600,000. Katika historia yako hao wako hai, wana silaha, na ubavu wako wa kulia uko wazi mamia ya kilomita. Wewe uliwaacha wamesimama tu wakitazama! Ukibadili uamuzi wa upande mmoja, mpe na adui zamu yake, ndipo uhesabu tani.

"Vita havipiganwi na makarani wa reli." Ulisema hivyo mbele ya watu, ukakunja ramani vijiti nilivyopanga kuonyesha hoja yangu vikiwa bado juu yake. Hilo halijanitoka. Kusoma ramani ulinifundisha wewe mwenyewe, kwa uvumilivu ambao sijauona kwa mwalimu mwingine. Ungeshindwa nini kungoja nimalize? Labda nilipaza sauti. Nilipaza kwa sababu nilikuwa sahihi, na kuhusu Smolensk niko sahihi hadi leo.

Tena nilichokuwa nakijia kilikuwa cha kukutetea. Hoja yako bora ni ya kikarani: Moscow ni kitovu cha reli, njia zinakutana pale kama miti ya gurudumu. Akiba iliyoshambulia kuanzia tarehe 5 Desemba ililetwa kwa treni. Ukitaka toleo lako lisimame, usianze na Guderian. Ondoka Yelnya mwezi Agosti, badala ya kungoja ufukuzwe Septemba. Wape mafundi wa reli wiki tatu. Acha sehemu ya vifaru ikimzuia Kirponos, ushambulie katikati ya Septemba, si tarehe 30. Deni la Kiev bado utalilipa, na mimi bado nadhani lingekuvunja mgongo. Lakini ungepata wiki mbili za barabara kavu.

Vijiti vilikuwa vimeshapangwa hivyo, mjomba.