Wasanii wa Kigoma, sikoseli inahitaji mlezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasanii wetu wenye asili ya Kigoma.

Ndugu zangu, mwaka 2012 mlijikusanya mkaimba pamoja, na nchi nzima ikajua mwisho wa reli kuna vipaji. Ali Kiba baadaye akalitoa jina lake kwa kampeni ya kuwalinda tembo dhidi ya majangili. Nawaomba majina hayohayo kwa ajili ya watoto wenye sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Marekani huuhesabu ugonjwa huu kuwa adimu, kwani wagonjwa wao wanakadiriwa kuwa 100,000 hivi. Kwetu Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Mtoto huupata akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni hii imeshamiri sehemu zenye malaria nyingi kama huku kwetu ziwani.

Nina mpwa wangu hapa Ujiji. Hajatimiza mwaka, vidole vyake vilivimba mikono na miguu, majirani wakasema karogwa. Sasa yuko shule ya msingi. Kila asubuhi mama yake humnywesha maji mengi, maana mwili ukikaukiwa, chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa. Anayekunywa hivyo lazima atoke kukojoa mara kwa mara. Mwalimu mmoja akamkatalia, akidhani anakwepa somo. Mtoto akaacha kunywa maji, na usiku ule tulikesha tukimkanda magoti kwa maji ya moto huku akilia.

Mabalozi wa kampeni tunawaona. Wanakuja na unga, sukari na kamera, wanapiga picha wodini, basi. Unga tunaushukuru, lakini mlezi ni mtu wa kukaa nasi miaka mingi. Mchekeshaji Jerry Lewis aliongoza harambee ya televisheni huko Marekani kwa ajili ya magonjwa ya kudhoofika misuli kuanzia 1966 hadi 2010. Mwaka 1987 alikuwa mlezi wa harambee kama hiyo ilipoanza Ufaransa, iliyoandaliwa na chama cha wagonjwa na familia zao. Fedha za harambee hiyo ya Ufaransa ndizo zilizoanzisha maabara ya Généthon mwaka 1990, iliyochora baadhi ya ramani za kwanza za jeni za binadamu. Hata hivyo, watu wenye ulemavu walimlaumu Lewis kwa kuwaonyesha kama wa kuhurumiwa tu, na walikuwa na haki. Mwimbaji Tionne Watkins wa kundi la TLC anaisemea sikoseli akiwa mgonjwa mwenyewe, na mtu humsikiliza tofauti kabisa.

Utafiti upo nchini. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mpango wake wa sikoseli mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani, na maelfu ya wagonjwa wamefuatiliwa. Lakini Muhimbili kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na hiyo hatuwezi kuisubiri. Kuna haidroksiyurea, dawa ya kumeza. Utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2018, uliohusisha watoto wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda, Kenya na Angola, ulionyesha kuwa inapunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Ninachotamani ni utafiti wa hapahapa: mtoto anayezaliwa Maweni, hospitali yetu ya mkoa, atolewe tone la damu kisiginoni, apimwe, aanzishiwe kliniki kabla vidole havijavimba, na afuatiliwe mpaka akue.

Tarehe 19 Juni ni Siku ya Sikoseli Duniani. Njooni mfanye tamasha Uwanja wa Lake Tanganyika, sehemu ya kiingilio iende kwenye utafiti huo. Kamati iwe na madaktari, wazazi na wagonjwa wenyewe, na hesabu zichapishwe kwenye gazeti hili. Mwaka unaofuata mrudi, na mwingine tena. Tiketi sisi wazazi na ndugu wa Ujiji, Mwanga na Gungu tutaziuza nyumba kwa nyumba.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma