Barua kwa mwanangu aliyepangiwa Horohoro

Marahaba mwanangu, voisi yako nimeisikiliza, kumbe wamekupanga Horohoro, mpakani na Kenya, na mmeshaanza kuzunguka usiku kwenye njia za panya. Hongera baba. Ila usingizi sikupata, na sababu ni kijana mmoja wa huku.

Hapa Berlin nafanya usafi Strelitzer Straße, pale namba 55 kuna kibao ukutani cha Egon Schultz. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo Rostock, akaingia jeshi la mpakani la Ujerumani Mashariki. Oktoba 1964 vijana wa upande wa Magharibi walichimba handaki la mita 145 chini ya Ukuta wa Berlin, ule uliokata mji Mashariki na Magharibi, likatokea kwenye choo cha nje, uani hapo hapo namba 55, yaani choo kabisa, na watu 57 wa Mashariki wakapita humo kutorokea Magharibi usiku wa siku mbili. Unafika, unasema neno la siri "Tokyo", unaingizwa. Tarehe 5, saa sita usiku imeshapita, askari wakaja, giza totoro, kijana mmoja wa handaki, Christian Zobel, akafyatua bastola, Egon akaanguka, sasa anajaribu kuinuka ndo risasi ya Kalashnikov ya askari mwenzake ikampata, na hiyo ndo ilimmaliza. Miaka 21 jamani!

Tena wakubwa walijua, maiti ilipimwa wakaona, wakafunika. Wakamfanya shujaa, mtaa ukapewa jina lake, shule na taasisi zaidi ya 100 nazo hivyo hivyo, na watoto wakawa wanafundishwa kauawa na maadui wa Magharibi. Zobel naye akaishi akijua kaua mtu mpaka akafa, mafaili yalikuja kufunguliwa ukuta umeshaanguka. Ushujaa wa hivyo mimi sitaki kupewa, bora niambiwe ukweli nilie nikijua nalilia nini.

Najua utasema mama bwana, sisi huku tunakamata magendo na wasio na karatasi, hatuna ukuta wala handaki. Sawa. Lakini nyie mkiwa porini usiku mnajuanaje nani yuko mbele? Tochi mnazo? Redio inashika kule? Na wa kusema piga au usipige ni nani, au kila mtu na lake? Nijibu hayo kwanza, habari za huyo mchumba tutaongea wikiendi.