Barua kwa Somo Yangu wa Lindi Kuhusu Vifaa vya Kurekodia Nyumbani

Mikindani, Mtwara

Somo yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, nikitumaini kuwa wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku ni wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, nami nimefurahi kusikia kwamba sehemu ya fedha ya korosho umeitenga kwa ajili ya chumba cha kurekodia, kwa kuwa jambo hili umelitamani tangu tulipokuwa shuleni. Hata hivyo, kabla hujatuma fedha Kariakoo kununua ile kompyuta kubwa ya mezani yenye kadi ya michezo na taa za rangi, naomba unisikilize.

Kompyuta ile itakumalizia fedha hata kabla hujashika maikrofoni. Kadi ya michezo kazi yake ni kuchora picha, na katika kurekodi sauti haitakusaidia chochote. Unachohitaji ni prosesa (ubongo wa kompyuta) ya wastani, kwa mfano Intel Core i5 ya kizazi cha 8 au AMD Ryzen 5 ya miaka hiyo au baadaye, pamoja na diski ya SSD, yaani ile isiyozunguka, na kumbukumbu ya muda isiyopungua gigabaiti 8. Ukipata gigabaiti 16 usisite, kwa sababu vinanda na ngoma zilizomo ndani ya programu hupakiwa humo zinapopigwa. Kizazi cha 8 nimekitaja kwa makusudi: Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo muuzaji akikusifia mashine ya zamani zaidi kwa bei ya kuvutia, mshukuru uondoke.

Mimi naona ununue kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika. Lenovo ThinkPad T480, iliyotoka mwaka 2018, inafaa sana, maana betri yake ya nyuma huchomolewa kwa mkono, na fundi wa kawaida anaweza kuifungua akabadilisha diski au kuongeza kumbukumbu. Ukibahatika kupata MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020, hiyo haina feni kabisa, na GarageBand, programu ya kurekodia, hupatikana humo bila malipo, ila kumbukumbu yake haiongezwi baada ya kununua.

Kinachonifanya nisisitize mpakato ni umeme. Kompyuta ya mezani, umeme ukikatika mwimbaji akiwa katikati ya ubeti, huzimika na kupoteza kazi yote ambayo haijahifadhiwa, isipokuwa kama una kifaa cha akiba ya umeme. Tena kuna jambo ambalo sikulijua mpaka niliposumbuka nalo wiki nzima. Katika nyumba ambayo waya wa ardhi haukufungwa sawasawa, mngurumo wa umeme wa mzunguko wa hezi 50 hupenya kupitia chaja hadi kwenye rekodi, na hakuna programu itakayouondoa bila kuijeruhi sauti yenyewe. Siku niliyochomoa chaja nikarekodi kwa betri, mngurumo ulitoweka papo hapo. Kadi ya sauti ndogo, yaani kile kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, nayo hunywa umeme wake kwenye kompyuta kupitia waya wa USB, kwa hiyo unaweza kurekodi mtaa mzima ukiwa gizani.

Hiyo kadi ya sauti ya nje ndiyo kifaa cha pili, nami ningekushauri Focusrite Scarlett 2i2 au Behringer UMC202HD, zote zikiwa na matundu mawili ya kuingizia sauti. Usichomeke maikrofoni kwenye tundu la kompyuta lenyewe. Utapata mvumo mwingi. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48. Wimbo wa dakika 4 wenye sauti 10 zilizorekodiwa kila moja peke yake, za upande mmoja (mono), utachukua takriban megabaiti 346, jambo ambalo diski ya gigabaiti 256 inalimudu bila shida. Utakutana na tatizo la mwimbaji kujisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa. Hilo hutokana na kompyuta kukusanya sampuli za sauti fungu kwa fungu kabla ya kuzishughulikia: fungu la sampuli 256 ni kama milisekunde 5, na la 1,024 ni zaidi ya 21, hapo mwimbaji huanza kuyumba. Punguza fungu wakati wa kurekodi, liongeze wakati wa kuchanganya sauti zilizorekodiwa, na hakikisha umeweka programu ya kuendeshea kadi iliyotolewa na kiwanda chake.

Kuhusu maikrofoni, najua unaitamani ya kondensa kwa sababu umeiona kwenye video. Ni nyepesi kusikia, na hapo ndipo penye shida. Chumba chako kina sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la bati, na barabara ya bodaboda iko dirishani; vyote hivyo vitaingia. Unyevu wa bahari nao huifanya itoe mikwaruzo. Anza na ya dainamiki. Shure SM58 imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1966, haihitaji ule umeme wa volti 48 ambao kondensa huutegemea, na hupokea zaidi sauti inayotoka mbele yake. Bandia zake ni nyingi, basi usinunue kwa mtu usiyemjua. Mwimbaji asimame shibiri moja hivi kutoka kwenye maikrofoni, na mbele yake uweke soksi nyembamba ya nailoni iliyotandwa kwenye duara la waya, ili herufi ya P isipige kama kofi.

Spika subiri kwanza. Nunua hedifoni zinazofunika masikio, kama Sony MDR-7506, ili mdundo usivuje ukarudi kwenye maikrofoni. Programu ya kurekodia ya Reaper unaweza kuijaribu kwa siku 60, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Tafadhali usiweke programu za wizi. Virusi vyake vimewaharibia kazi vijana wengi.

Fedha utakayookoa kwenye kompyuta iweke chumbani. Trei za mayai hazizuii kelele, achana nazo. Chukua magodoro na mablanketi mazito, uyatundike yakiwa mbali kidogo na ukuta, nyuma na pembeni mwa mwimbaji, kisha uzime feni ya dari. Mvua ikinyesha juu ya bati, pumzikeni.

Na nunua diski ya nje tangu siku ya kwanza, somo yangu. Nilimrekodi mjomba akiimba nyimbo za kilimo za ujana wake, saa mbili na zaidi, nikaziacha kwenye diski moja tu, moja ya zile za zamani zinazozunguka. Diski ilikufa. Mjomba naye alitangulia mbele ya haki kabla sijarudi kijijini kumrekodi tena, na nyimbo zile hakuna mwingine katika ukoo anayezijua zote. Kila rekodi iwe mahali pawili usiku uleule ilipofanyika.

Sasa kabla hatujakamilisha orodha, nijibu jambo moja: wale akina mama wa ngoma uliowataja unataka waimbe pamoja na wapigaji kwa wakati mmoja, au kila mmoja kwa zamu yake? Ikiwa ni pamoja, matundu mawili hayatatosha na itabidi tutafute kadi ya matundu manane. Pima pia urefu na upana wa chumba kwa hatua, unitumie. Msalimie shemeji.

Wako,
Somo yako