Mwenye spana za fundi wa Pasua azirudishe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Gazeti lako hutoa tanzia za wakubwa, pamoja na picha zao, na sina kinyongo na hilo. Huyu wetu hakuwa mkubwa. Alikuwa fundi baiskeli chini ya mwarobaini hapa Pasua, Moshi, na mwezi uliopita tumemzika kihambani, shamba la ukoo, kwao Kibosho. Jina lake silitaji. Hata picha alikuwa hapendi kupigwa, na wenzangu wa Pasua hadi hapa wameshamjua.

Nilifika kwake mara ya kwanza mwaka 1989, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, nikikokota Phoenix ya mume wangu yenye pancha gurudumu la nyuma. Kwenye benchi walikuwepo wanaume wanne wakisubiri zamu. Nikamwamkia, nikaeleza shida yangu, nikatafuta pa kukaa. Akanitazama chaki iliyokuwa kwenye sketi, akasema, "Mwalimu, usikae. Chuchumaa hapa." Akanipa vile vyuma viwili bapa vya kung'olea tairi. Wale wa kwenye benchi wakacheka. Akawaambia anayejua kuziba pancha anyooshe kidole kama shuleni. Benchi likanyamaza.

Nikatoa tyubu, nikaijaza upepo, nikaizamisha kwenye karai la maji hadi mapovu yakaonyesha tundu. Nikaikausha, nikaisugua kwa msasa, nikapaka solusheni, na papo hapo nikataka kubandika kiraka. Akanishika kiwiko. "Bado. Nisimulie habari za shuleni kwanza, mpaka ikigusa kidole isinate." Nikasimulia. Kiraka kile kilidumu kuliko tyubu yenyewe. Kisha, kabla sijarudisha, akanituma nipitishe vidole ndani ya tairi taratibu, duru nzima. Mwiba wa mgunga ulikuwa bado umo, ncha imechungulia ndani. Wapo mafundi ambao wangeuacha, nirudi kesho na hela nyingine.

Wiki mbili baadaye nikarudi na aibu. Pedeli ya kushoto ilikuwa imelegea, nami nyumbani nimeikaza kwa nguvu zangu zote, kumbe nilikuwa naifungua. Hakunicheka. Alitoa pedeli mbili kuukuu kwenye kopo, akaniwekea moja kila kiganja, nitazame mwenyewe uzi wake: ya kulia umekatwa kama wa skrubu ya kawaida, ya kushoto umekatwa kinyume, ili mwendo wa miguu usiifungue barabarani. Miaka yote hiyo nilikuwa napanda baiskeli bila kulijua jambo hilo.

Mwaka uliofuata nilimwomba aje darasani kwangu, la sita. Alikuja na gurudumu la nyuma begani, mkono mmoja ameshika la mbele. Mwenyewe aliishia darasa la nne. Akawauliza watoto spoku ni ngapi. Wakahesabu: mbele 32, nyuma 40. Kwa nini nyuma zimezidi 8? Mtoto wa muuza ndizi ndiye aliyejibu, kwamba nyuma ndiko unakokaa mkungu. Halafu akaniachia kazi yangu: tairi la inchi 28, zidisha kwa 22 gawa kwa 7, unapata inchi 88 kamili, hakuna baki. Meno ya mbele 48, ya nyuma 18. Kwa hiyo pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili na theluthi mbili, na baiskeli imekwenda karibu mita 6. Tukatoka uwanjani kupima kwa kamba. Nimefundisha miaka thelathini na zaidi, na somo la duara halijawahi kunitokea vizuri kama siku ile.

Nisimpake mafuta, maana yeye mwenyewe angeniuliza nimetumwa na nani. Alikuwa mzito wa kumaliza kazi. Baiskeli yako ingelala pale siku mbili kwa sababu aliifungua, akapita mtu akauliza friwili, ile yenye meno ya mnyororo nyuma, ina nini ndani, basi akaanza kumfungulia ya kwake. Na alikuwa mkali. Ukimletea nati iliyokwanguliwa kwa plaizi, utayasikia ya kusikia: plaizi ni ya kushikia waya! Wanaoshuka kutoka Kibosho na mikungu mitatu kwenye keria aliwagombeza kabla hawajasalimia, kwa sababu ya raba za breki zilizokwisha hadi chuma kinagusa ringi.

Kunyoosha ringi ndiko nilikopenda kumtazama. Aliligeuza gurudumu polepole, akashikilia kipande cha chaki kwenye foku, na pale ringi ilipoyumba chaki iliacha alama. Kisha anazigonga spoku kwa ukucha, moja moja, anasikiliza. Iliyolegea hutoa sauti iliyokufa. Analegeza ya upande huu nusu mzunguko, anakaza ya upande ule, anarudia. Vijana walitaka kukaza tu. Aliwaachia wakaze hadi ringi ikapinda vibaya zaidi, kisha wote wakaanza upya, naye anavuta sigara.

Vijana hao ndio waliotushangaza. Mmoja wao, alipoiva, alifungua kijiwe chake ng'ambo ya barabara, hata hatua hamsini hazifiki. Nikamwambia, "Baba, si unajichimbia shimo? Wateja atawachukua." Akaendelea kupanga gololi kwenye grisi, kumi upande huu, kumi upande ule, kisha akasema, "Huyu akiwepo pale, mimi napata kwenda kula." Akaniomba nimshikie ekseli.

Nadhani chanzo cha kugawa ujuzi hivyo ni ile miaka ya mwanzo ya 80, ingawa hakupenda kuizungumza. Tairi lilikuwa halipatikani dukani, na la mlanguzi lilikuwa na bei ya kukutia wazimu. Yeye alijifunza kulishona lililopasuka kutoka kwa mzee mmoja aliyemwonyesha bure, na bila ujuzi huo, alisema, wanawe wangelala njaa. Hilo ndilo pekee nililowahi kumsikia akilisema kuhusu jambo hilo.

Siku ya maziko vijana walipanda Kibosho na baiskeli zao. Kupanda ni neno tu; mlima ule kwa baiskeli isiyo na gia ni kusukuma. Waliziegemeza kwenye masale, ile mimea ya mpaka iliyozunguka kihamba, nyingi hadi njia ikaziba, na padri akalazimika kusubiri mbili tatu ziondolewe.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Fundi alikuwa anaazima vifaa kwa yeyote, na alikuwa na daftari la shule lililojaa majina, lakini mengi mvua imeyafuta. Mjukuu wake ameshika kijiwe chini ya mwarobaini uleule. Kisanduku nimekiona: hakina kifungulia friwili, hakina spana ya spoku, wala ile spana nyembamba ya koni za ekseli, na vitu hivyo kijana hana hela ya kuvinunua vyote kwa mkupuo. Vipo majumbani mwetu, Majengo, Njoro, Mabogini, na huko kwenye kiwanda cha sukari cha TPC. Vipelekwe asubuhi, kabla ya saa nne, maana baadaye watu wanakuwa wengi. Hatauliza umekaa nacho miaka mingapi.

Mimi nimeshapeleka bisibisi yenye mpini wa mti. Niliiazima mwaka 2004.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi